Mizani 17 za Lubumbashi

Hotuba kwa wazazi, walimu na wasomaji katika siku ya vitabu vya watoto, Lubumbashi

Wazee wetu, ba mama na ba baba, walimu wenzangu, na ninyi watoto mliojipanga chini hapa mbele, jambo yenu wote.

Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu vya haiku. Nitasema waziwazi ninachokitaka, ili anayetaka kunibishia aanze kujiandaa mapema. Mji wetu unahitaji kitabu chake cha haiku. Kiwe cha Kiswahili. Kiwe chembamba, cha bei ambayo mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, anaweza kuitoa bila kupunguza chakula cha jioni. Na kisiwe cha watoto peke yao, kiwe cha kila anayelala ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba zetu. Mtoto wa darasa la tatu akisome kwa sauti, nyanya yake asikilize, na kila mmoja aondoke na kitu chake.

Kwa wale ambao neno hili wanalisikia leo: haiku ni shairi fupi la Kijapani lenye vipande vitatu, mizani (yaani silabi) 5, kisha 7, kisha 5 tena. Jumla 17. Zamani lilikuwa ubeti wa kufungulia tu. Watu kadhaa walikaa pamoja wakatunga shairi refu kwa kupokezana, na yule aliyeanza ndiye aliyetoa ule ubeti wa kwanza. Taratibu ubeti huo ukajitenga, ukasimama peke yake. Jina la haiku lilienezwa na Masaoka Shiki, aliyezaliwa 1867 na kufa kwa kifua kikuu 1902, akiwa hajafika hata miaka 35.

Sasa hesabuni pamoja nami. Mshororo, yaani mstari mmoja, wa shairi letu la Kiswahili, ule wenye ukwapi (nusu ya kwanza) wa mizani 8 na utao (nusu ya pili) wa mizani 8, una mizani 16. Haiku nzima ina 17. Kwa hiyo Mjapani anasema yote aliyo nayo ndani ya mshororo wetu mmoja na mzani mmoja juu yake! Sikio letu limezoea hesabu hii tangu zamani za tenzi na mashairi. Hakuna mgeni wa kuja kutufundisha kuhesabu silabi kwa vidole.

Tena lugha hizi mbili, zilizozaliwa mbali mbali kabisa, zinafanana kwa namna inayonifurahisha kila mara ninapoifundisha. Kijapani kina irabu tano kama sisi, na silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu. Na pale n inapofunga silabi, Wajapani huipa mzani wake kamili, kama sisi tunavyoipa m ya mtoto: m, to, to. Tatu. Waandishi wa Kifaransa na wa Kiingereza wanabishana mpaka leo kama washike 5, 7, 5 au waiache, kwa sababu silabi 17 kwao hubeba maneno mengi na shairi hunenepa. Maneno yetu ni marefu. Silabi 17 zetu hubeba maneno sita, saba, nane, basi. Ndiyo maana mimi nasema tushike hesabu bila woga. Inatubana vizuri.

Matsuo Bashō, aliyeishi kati ya 1644 na 1694, ndiye anayeheshimiwa kuliko wote katika kazi hii. Shairi lake la mwaka 1686 linajulikana na kila mwanafunzi wa Japani. Nimeliweka katika Kiswahili hivi:

Dimbwi la kale —
chura anajirusha:
maji yalia.

Kwisha. Najua mnasubiri liendelee. Nilipolisoma darasani mara ya kwanza watoto nao walisubiri, wakaniangalia usoni, halafu mmoja akauliza kama chura alitoka tena. Nikamwambia hilo ni swali zuri, na kwamba Bashō amemwachia yeye alijibu. Haiku huweka vitu viwili karibu, dimbwi lililotulia miaka na miaka, na chura wa dakika moja, kisha hukata. Katika Kijapani kuna maneno maalumu ya kukatia. Sisi tunakata kwa kunyamaza, na kwenye karatasi tunaweka kistari. Msomaji ndiye anayeziba ule mwanya. Mtoto wa miaka minane ataziba kwa namna yake, fundi wa miaka sitini kwa namna nyingine, na hakuna aliyekosea.

Hapo ndipo ninapopingana na wachapishaji wengi. Wameigeuza haiku kuwa mlango wa watoto: ni fupi, basi ni rahisi, basi wapewe wadogo pamoja na picha ya paka anayecheka. Mwanafunzi wa Bashō aitwaye Hattori Dohō aliandika kumbukumbu kwamba mwalimu wake alitaka kazi hii waachiwe watoto wenye kimo cha shaku tatu, yaani kama sentimita 90. Bashō hakuwa na maana kwamba kazi ni ndogo. Alitaka watu wazima watunge kwa moyo ambao bado haujajifunza kujionyesha. Kwa hiyo ukimwona mtoto na mzee wanagombania kitabu kimoja cha haiku, kitabu hicho kimepata wasomaji wake.

Anayeonyesha jambo hili kuliko wote ni Kobayashi Issa. Ningetaka kila mtoto wa mji huu amjue. Alizaliwa 1763 katika kijiji cha milimani, mama yake akafa yeye angali mdogo sana, akalelewa na mama wa kambo ambaye hawakupatana, na kabla hajawa kijana kamili akapelekwa mjini Edo, Tokyo ya leo, kujitafutia. Aliacha mashairi yanayofikia 20,000, na mengi yanazungumza na viumbe ambao watu hawawapi hata salamu: nzi, viroboto, chawa, konokono. Sikilizeni, watoto:

We konokono,
panda polepole tu
mlima Fuji.

Na hili:

Mwana shomoro,
pisha, pisha upesi:
farasi huyo!

Hapa farasi hatuwaoni barabarani. Mwanafunzi mmoja alibadilisha mstari wa mwisho akaandika "lori lafika", kwa sababu kwao malori ya madini hupita usiku na mchana. Nilimpongeza mbele ya wenzake wote. Issa angemwelewa.

Lakini Issa huyohuyo ndiye aliyeandika hili, akikumbuka utoto wake wa yatima:

Njoo tucheze
mimi nawe, shomoro
usiye mama.

Mtoto anasikia mwaliko wa kucheza. Mzazi anasikia jambo lingine, naona baadhi yenu mmelisikia sasa hivi. Na mwaka 1819, Issa alipompoteza binti yake mdogo Sato kwa ndui, aliandika:

Ni umande tu,
dunia ni umande —
na hata hivyo...

Alikuwa mtu wa dini ya Buddha. Alifundishwa kwamba dunia hupita kama umande, na alikubali. Mstari wa kwanza anakubali, wa pili anakubali tena, na wa tatu moyo unakataa, na maneno yanakwisha. Katika kartie zetu, mitaa yetu hii, kuna watu wengi waliozika watoto. Sijawahi kulisoma shairi hili mbele ya wazazi bila mtu mmoja kuja baadaye kuniomba nimwandikie kwenye karatasi aende nalo. Nani ataniambia hiki ni kitabu cha watoto peke yao?

Richard Wright, mwandishi Mweusi wa Marekani aliyehamia Ufaransa, alishikwa na haiku mwishoni mwa maisha yake, akiwa mgonjwa. Alitunga zipatazo 4,000 kabla hajafa mwaka 1960. Karibu zote zilikaa makaratasini mpaka 1998, zilipochapishwa 817 kati ya hizo. Mtu aliyekuwa ameandika riwaya nzito za ghadhabu na ubaguzi, siku za udhaifu wake alihesabu silabi 17.

Nije sasa kwenye shida yetu wenyewe. Ushairi wa Kiswahili umezoea kuonya. Mwana Kupona alimwachia binti yake utenzi mzima wa mawaidha, karibu mwaka 1858, na tunausoma hadi leo kwa heshima yote. Watoto wetu wamelelewa kwa mawaidha kanisani, msikitini, shuleni na mezani. Kwa hiyo unapompa mtoto kalamu na kumwambia atunge shairi, anakuhubiria. Nilipata shairi hili kutoka kwa msichana mwenye akili sana:

Upendo mwema
ndio nguzo ya watu,
tupendaneni.

Hesabu ni sahihi kabisa, 5, 7, 5. Na hakuna kitu humo. Huoni mtu, husikii sauti, hunusi chochote. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimuuliza: upendo huo, wiki hii umeuona wapi? Akafikiri. Akasema hajauona. Nikamuuliza nyumbani kwao jana jioni kulikuwa na nini. Akasema jirani alikuja kuomba chumvi wakati na wao yao ilikuwa imebaki kidogo tu chini ya kopo. Basi, tukakaa. Alifuta, akaandika, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka:

Jirani kaja —
chumvi yetu ya mwisho
tumeigawa.

Neno upendo limetoka. Hata hivyo liko pale pale, kubwa kuliko lilivyokuwa. Msichana mwenyewe aliona. Aliyasoma yote mawili kwa sauti akaweka kidole juu ya la pili.

Walimu, naomba mlichukue swali hilo moja: umeliona wapi? Halihitaji chaki wala umeme. Wazazi nanyi mnaweza kuliuliza jioni, mikono ikiwa kazini.

Tatizo la pili ni la vitabu vyenyewe. Vitabu vya haiku vinavyotufikia ni vya Kifaransa, mara nyingi vimekwisha kutumiwa Ulaya kabla ya kufika sokoni kwetu. Vimejaa theluji na maua ya cheri. Sina ugomvi na theluji, ni haki ya Wajapani. Kwao haiku ya kawaida lazima ibebe neno moja la majira ya mwaka, na wana makamusi maalumu ya maneno hayo, yaliyopangwa kwa masika yao, kiangazi, vuli, baridi, na sehemu ya tano ya Mwaka Mpya. Chura ni wa masika. Vimulimuli ni wa kiangazi. Msomaji wa Kijapani akiona chura, mwezi mzima unamjia kichwani pamoja na hewa yake. Mtoto wa Katuba, hapa mjini kwetu, akisoma theluji, hakuna kinachomjia. Anajifunza neno, na shairi linampita.

Nasi majira tunayo, tena makali. Tuko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na Juni na Julai baridi ya alfajiri inauma kwelikweli. Mtu anayefikiri Afrika haina baridi aje asimame kituo cha basi saa kumi na moja asubuhi. Mwanafunzi mmoja aliipata hivi:

Baridi kali —
mzee wa makala
atoka jasho.

Mnamjua mzee huyo. Anasukuma baiskeli yenye magunia ya makala, yaani makaa, kutoka porini, na mvuke unamtoka mabegani. Nyie mnapita ndani ya teksi mmefunga vioo.

Kisha ni moshi wa pori linalochomwa, na vumbi jekundu mpaka ndani ya sahani. Kisha Septemba na Oktoba jakaranda zinachanua, na mji huu ambao watu wa mbali wanaujua kwa shaba na bomba la moshi la kiwanda unakuwa wa zambarau. Mdogo mmoja, wa darasa la pili:

Maua chini —
nimevua viatu
njia ya shule.

Kisha mvua. Vyura wetu ni wa Novemba, Bashō atusamehe. Kumbikumbi wanatoka ardhini na watoto wanatoka nyumbani:

Taa moja tu —
kumbikumbi na sisi
tumekutana.

Baada yao uyoga kando ya barabara, masuku, yale matunda ya porini, kwenye beseni, viwavi, maembe ambayo hayangoji kuiva. Mahindi mabichi ya kuchoma yanakuja baadaye. Na sehemu ya tano, ile ambayo kwa Wajapani ni ya Mwaka Mpya? Mimi ningeweka siku matokeo ya mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, yanapotoka. Hakuna nchi nyingine ninayoijua ambako unaona vijana wanakimbia barabarani wamemwagiwa poda nyeupe kichwa kizima na mama zao wanaruka nyuma yao. Ukiandika "poda" katika haiku ya Lubumbashi, huhitaji kueleza chochote zaidi. Msomaji ameshasikia vigelegele.

Haya ndiyo maneno ya majira yetu, na hakuna aliyeyakusanya mahali pamoja. Tuanze sisi.

Sasa kitabu kitengenezwe vipi. Nasema kwa ufupi, maana waliokwisha kukunja karatasi wanajua. Karatasi nane za kawaida za fotokopi, zikikunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili, zinatoa kurasa 32. Ukurasa mmoja, shairi moja. Msijaze! Nafasi nyeupe ndiyo mahali ambapo msomaji anafanya kazi yake. Msiandike maelezo chini ya shairi; nimeviona vitabu vya watoto vinavyofanya hivyo na vinanisikitisha, kwa sababu mtoto anaruka shairi na kusoma maelezo.

Picha nazo zisirudie shairi. Yosa Buson, aliyeishi 1716 hadi 1784, alikuwa mchoraji mkubwa na mshairi mkubwa kwa pamoja, na Wajapani wana desturi ndefu ya kuweka mchoro mwepesi na haiku kwenye karatasi moja. Shairi likisema chura, mchoro uonyeshe kitu kingine, majani labda, au duara za maji. Watoto wetu wanaelewa hili haraka kuliko wachoraji wazima. Tangu 1990 taasisi ya JAL Foundation ya Japani imekuwa ikiendesha shindano la haiku la watoto wa dunia, wa miaka 15 kushuka, na mtoto hutuma shairi pamoja na mchoro alioufanya kwa mkono wake. Hiyo ndiyo njia. Aliyetunga ndiye achore.

Na lugha iwe ile ya mtoto. Akiandika bukari, libaki bukari. Mmoja aliniletea hili usiku umeme ulipokatika katika kartie yao:

Giza ghafula —
bukari bado moto,
tunacheka tu.

Mwalimu mwenzangu alitaka tuandike ugali ili kitabu kieleweke mpaka Dar es Salaam. Kwa bahati "ugali" pia ni mizani tatu, hesabu isingeharibika. Lakini hiyo nyumba si ya Dar es Salaam. Msomaji wa huko ataelewa kwa njaa yake.

Na watu wazima watunge pia, nawasihi. Magazeti ya Japani yana safu za kila wiki ambamo wasomaji hutuma haiku zao: wakulima, wauguzi, wastaafu, watu ambao hawajawahi kujiita washairi. Sioni kwa nini mchimbaji, dereva wa teksi au mama anayeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, asiwe na ukurasa wake katika kitabu chetu. Ninataka nusu ya kurasa ziwe za watoto na nusu za wakubwa, zichanganywe, na umri wa mtunzi usiandikwe popote. Tuone kama kuna atakayeweza kuwatenganisha.

Pale mezani karibu na mlango kuna daftari lenye kurasa 12, moja kwa kila mwezi. Kila mtu akitoka aandike neno moja la mwezi anaoujua vizuri: ndege, mboga, ugonjwa wa msimu, sauti, harufu, lolote linalokuja na mwezi huo na kuondoka nao. Wasiojua kuandika wamnong'oneze mtoto yeyote aliye karibu. Majina ya ndege na ya mimea ya porini tunawategemea wazee, kwa Kibemba, Kiluba, Kisanga, kwa lugha yoyote mliyolelewa nayo, tutayaweka yalivyo. Kumbikumbi wamekwisha kuandikwa mara mbili, Oktoba na Novemba, na walioandika bado wanabishana, kwa hiyo watatuambia uamuzi wao Jumamosi tutakapokutana kukunja karatasi. Oktoba imejaa. Ukurasa wa Februari hauna kitu mpaka sasa. Anayeijua Februari yetu ina nini zaidi ya matope, atangulie yeye.

Asanteni.